Siku Karani Alipoulizwa

Filister Awino alipata kazi siku ya Ijumaa, na Jumatatu akaambiwa anunue viatu.

"Karani wa serikali haingii kwa mtu na akala," mkubwa wake, Bwana Osoro, alimwambia huku akitazama zile ndara za mpira wa gari alizokuja nazo kutoka Kisegi. "Watu huanza kukuheshimu miguuni."

Ulikuwa mwezi wa pili wa mwaka 1966. Ofisi yao ilikuwa chumba kimoja karibu na ziwa pale Homa Bay, chenye meza mbili, taipureta moja na joto la kuwatosha watu ishirini. Filister alikuwa na miaka ishirini na miwili. Alikuwa amesoma hadi kidato cha pili, akafundisha watoto wa darasa la kwanza mwaka mmoja bila cheti, kisha akakaa nyumbani miezi minane akipara samaki na kuandika barua za kuomba kazi. Barua ya tisa ndiyo iliyojibiwa. Serikali ilitaka kujua wananchi wa wilaya ile wanaishi vipi: wanakula nini, wanalala chini ya paa gani, nani ameajiriwa na nani anatafuta, pesa inaingia kwa mlango upi na kutokea upi. Kazi ilikuwa ya miezi mitatu, mshahara shilingi mia moja na themanini kwa mwezi.

Viatu akavikopa dukani kwa shilingi thelathini na nane. Vilikuwa vyeusi, vya kufunga kwa kamba, na vilimbana kidole kidogo cha mguu wa kushoto tangu siku ile ya kwanza.

Fomu ilikuwa na maswali thelathini na moja. Karibu yote yalitaka hesabu tu: watu wangapi, ng'ombe wangapi, mabati mangapi. La mwisho peke yake lilikuwa la namna nyingine. Liliuliza: ukilinganisha na mwaka jana, maisha yako yamekuwa bora, yako vilevile, au yamekuwa mabaya zaidi?

"Hilo ndilo kubwa," Bwana Osoro alimwonya. "Mengine mtu anaweza kuyakisia akiwa hapa mezani. Hilo lazima litoke kinywani mwa mwananchi mwenyewe. Na wewe habari zako uziache Homa Bay. Karani ni sikio, si mdomo."

Akapangiwa nyumba thelathini katika kijiji cha Gesaria, upande wa Kehancha. Kikuria hakujua hata neno moja, lakini aliambiwa asiwe na wasiwasi. Wajaluo na Wakuria walikuwa wameuziana mahindi, samaki na mbuzi kwa Kiswahili sokoni miaka yote, na hakuna aliyerudi nyumbani na mbuzi asiyemtaka.

Alipanda basi hadi Migori, akapata nafasi juu ya magunia katika lori la mahindi hadi Kehancha, akamalizia kwa miguu. Alipofika Gesaria alikuwa amevua viatu na kuvibeba mkononi. Akasimama nyuma ya ua wa mtu, akavivaa tena, ndipo akabisha hodi.

Aliyempokea alikuwa Jeremiah Maroa, mzee wa kijiji, mtu mrefu mwenye sauti nzito ambaye alikuwa ameandikiwa barua kuhusu ujio wake. Mkewe, Mellen, alikuwa amesoma shule ya misheni hadi darasa la nne, na Kiswahili chake kilikwenda kasi kuliko cha mumewe. Walimpa Filister chumba cha kulala katika nyumba waliyolala mabinti zao kabla ya kuolewa, wakampa maji ya kuoga, wakampa ugali wa wimbi. Asubuhi yake, Mzee Maroa akasema nyumba ya kwanza kuandikwa iwe yake mwenyewe, ili watu waone kwamba mzee wao haogopi maswali.

"Ng'ombe wangapi?" Filister aliuliza walipofika swali la sita.

"Hakuna."

Filister akainua macho. Walikuwa wamekaa mbele ya zizi ambalo watoto wangeweza kuchezea mpira, timu zote mbili, na watazamaji wakabaki na nafasi ya kukaa. Katikati yake palikuwa na samadi iliyokuwa ikitoa mvuke katika baridi ya asubuhi.

"Na haya mavi, Mzee?"

"Ya zamani."

"Yanatoa moshi."

Maroa akayatazama kwa makini, kama mtu anayeonyeshwa kitu kigeni. "Mavi ya huku kwetu," akasema, "hukawia sana kupoa."

Filister aliandika: hakuna. Akaendelea. Jana mlikula nini? Majani. Juzi? Majani pia, lakini kidogo. Kuna mtu wa nyumba hii aliyeajiriwa? Hakuna. Kuna pesa yoyote inayoingia? Pesa ni nini, karani, sisi tunaisikia tu kwa watu wa Kisii. Na maisha, ukilinganisha na mwaka jana? Mzee Maroa akashusha pumzi ndefu iliyotoka mbali. "Mabaya zaidi," akasema. "Andika kwa herufi kubwa."

Alipokuwa akifunga fomu, Mellen akatoka jikoni na kibuyu cha maziwa lala, mazito, yenye harufu ya mkaa wa kusafishia kibuyu. Mumewe alimkata jicho, lakini Mellen hakuweza kumwacha mgeni aondoke na tumbo tupu eti kwa sababu ya fomu.

"Maziwa haya yametoka wapi, mama?" Filister aliuliza baada ya kunywa.

"Kwa jirani," Mellen alijibu bila kupepesa.

Jirani alikuwa Omwenga, mtu wa Kisii aliyepata shamba hapo miaka mingi iliyopita, mpole, mwenye koti la kazi lenye mifuko minne. Naye hakuwa na ng'ombe. Naye pia alimkaribisha kwa maziwa, na alipoulizwa yametoka wapi, akasema kwa Maroa.

Ilichukua siku nne Filister kuelewa. Watu walikuwa wameamua kwamba yeye ni mtu wa kodi. Kodi ilipandishwa kufuatana na mali ya mtu, na msichana mwenye viatu vyeusi hawezi kutoka Homa Bay kuja kuhesabu ng'ombe kwa sababu anawapenda ng'ombe. Kwa hiyo mifugo yote ya Gesaria ilikuwa imevuka mpaka kwenda kusalimia mashemeji upande wa Tanzania. Mabati mawili matatu yaliyokuwa juu ya jikoni yalifunikwa nyasi. Baiskeli zililala ndani ya maghala chini ya mahindi ambayo nayo, kwa mujibu wa fomu, hayakuwapo.

Jumamosi alirudi Homa Bay na fomu ishirini na tatu. Bwana Osoro alizisoma moja baada ya nyingine. Kisha akavua miwani.

"Kwa karatasi hizi," akasema, "kijiji kizima kimekula majani tangu mwezi wa nane. Hakina ng'ombe, hakina kuku, hakina senti. Binti yangu, watu hawa wote wamekufa. Nani alikuwa anakujibu?"

"Walinikaribisha maziwa, bwana. Kila nyumba."

"Nyumba ishirini na tatu?"

"Nilishindwa kula chakula cha jioni siku zote nne."

Bwana Osoro alijaribu kubaki mkali, lakini midomo yake ilimsaliti. Akamwambia arudie kazi yote, na awaeleze watu vizuri kwamba hakuna kodi. Hesabu ile ilikuwa ya kusaidia kupanga mambo ya mbeleni: shule, maji, dawa za mifugo.

Bora asingesema neno mifugo. Filister aliporudi Jumanne alieleza mambo hayo mbele ya watu waliokuja kumpokea, kama alivyoagizwa, na kabla ya jua kuwa kali neno dawa za mifugo lilikuwa limezunguka kijiji na kurudi likiwa limenenepa. Sasa serikali ilikuwa inatafuta kijiji chenye ng'ombe wengi kuliko vyote ili ikijengee josho la kuwaogesha, na pembeni ya josho kituo cha kununulia maziwa, na pembeni ya kituo barabara. Kijiji maskini kingepata pole tu.

Siku iliyofuata, Mzee Maroa alikuwa na ng'ombe arobaini na watatu.

Walikuwa zizini kweli, wakisukumana. Filister alihesabu mara mbili, akaandika. Akakaribishwa ndani, ambako redio ilikuwa juu ya meza, imefunikwa kitambaa cha kushonwa maua, ikiimba kwa sauti kubwa. Wiki iliyopita meza ile ilikuwa na sufuria tu. Jana mlikula nini? Nyama. Juzi? Nyama na wali. Na maisha?

"Bora," alisema Mzee Maroa. "Bora mpaka tunaogopa."

Akaenda kwa Omwenga. Zizi la Omwenga, ambalo ni la mtu wa ng'ombe sita, lilikuwa limefurika hadi ua ukalala upande. Filister alihesabu thelathini na wanane. Mmoja wao, mwekundu mwenye baka jeupe begani na pembe moja iliyopinda kwenda chini, alimtazama kwa namna ambayo alihisi wamekwisha kuonana. Ndani, redio ilikuwa juu ya meza, na kitambaa chake cha maua.

Katika nyumba ya tatu, ng'ombe yule mwekundu alikuwa amefika kabla yake na alikuwa anahema. Katika nyumba ya nne alikuwa amelala chini, amekataa kusimama, na mwenye nyumba akaeleza kwamba ana mimba. Redio ya nyumba ya nne ilikuwa ya moto ukiigusa, na wimbo ulioanza kwa Omwenga ndio uliokuwa ukimalizikia hapo. Filister aliandika kila alichoambiwa. Alipojumlisha jioni ya siku ya tatu, akakuta Gesaria ina ng'ombe mia tisa na sitini na redio kumi na tisa.

Alikaa kitandani na karatasi zake mapajani. Hakulia, lakini alikuwa karibu. Bwana Osoro angesoma na kusema wafu wamefufuka wakiwa matajiri. Angempa kazi hiyo mtu mwingine, mwanamume labda, mwenye sauti ya kutisha, na mwezi ungeisha na deni la viatu likiwa palepale. Lililomkera zaidi ni kwamba aliwapenda watu hawa. Walimdanganya kutwa, na kila walipomdanganya walimpa kiti kizuri kuliko vyote nyumbani.

Nyumba ya ishirini na nne ilikuwa ya Nyangi, mama yake Mzee Maroa, mwanamke wa miaka sabini na zaidi aliyeishi katika nyumba yake mwenyewe upande wa juu wa boma. Nyangi hakujua Kiswahili, au alisema hakijui, kwa hiyo Mellen alikuja kutafsiri. Majirani nao walikuja, maana tangu redio ianze kutembea hakuna aliyetaka kupitwa na jambo. Kufikia saa nne asubuhi kulikuwa na watu kama thelathini wamekaa kwenye nyasi, Mzee Maroa akiwa mbele na kigoda chake.

"Muulize wanaishi watu wangapi nyumba hii," Filister alianza.

Mellen akauliza. Nyangi akazungumza kwa muda mrefu, akinyoosha kidole kwa Filister, kwa viatu vyake, kwa mlima, kwa mwanawe, kisha tena kwa viatu. Watu wakaanza kuinamisha vichwa ili wasionekane wakicheka.

"Anasema yeye peke yake," Mellen akatafsiri.

"Amesema maneno mengi kuliko hayo."

Mellen akasitasita. "Anasema umekuja mara mbili. Mara zote umejua tunakula nini na tunalala wapi. Sisi mpaka leo hatujui wewe unakula nini. Anasema hata mchumba akija kuposa huwa anasema kwao ni wapi na wana nini, ndipo anaanza kuuliza ya wenyewe. Anauliza, wewe nani alikuuliza?"

"Hakuna," Filister alijibu. "Karani haulizwi."

Hiyo ilipotafsiriwa, Nyangi alikunja mikono na kufunga mdomo, na ilikuwa wazi kwamba mdomo ule ulikuwa na desturi ya kubaki umefungwa ukitaka. Filister alitazama fomu tupu. Aliwaza maneno ya Bwana Osoro kuhusu sikio na mdomo. Kisha akawaza ng'ombe mia tisa na sitini. Akasimama, akampa Mellen fomu moja safi na penseli.

"Unajua kusoma," akamwambia. "Niulize mimi. Yote, kuanzia la kwanza."

Mellen aliipokea fomu kwa mikono miwili. Akajiweka sawa, akakohoa, na sauti yake ilipotoka ilikuwa ya karani mtupu. "Jina?"

"Filister Awino, wa Kisegi."

"Nyumbani mko wangapi?"

"Tisa. Baba, mama, nyanya, na sisi sita."

"Paa?"

"Nyasi. Upande wa jikoni panavuja. Mvua ikija tunahamisha moto."

Mellen aliandika polepole na kutafsiri kwa sauti, na watu wakasogea karibu. Ng'ombe wangapi? Wawili, walikuwa watatu, mmoja akafa mwaka jana. Alikufa na nini, mzee mmoja aliuliza kutoka nyuma, na Filister akaeleza, na wazee wakajadiliana dakika tano nzima kuhusu dawa ambayo angepewa. Jana ulikula nini? Ugali wa wimbi na maziwa, kwa Mzee Maroa. Mzee Maroa akatikisa kichwa kuthibitisha.

"Umeajiriwa?"

"Ndiyo. Miezi mitatu tu. Mwezi wa tano inaisha."

"Unalipwa ngapi?"

Hapo Filister alisita. Kiasi kamili hakuwa amekitaja hata kwa mama yake. Alitazama nyuso zile thelathini, akakuta hakuna hata moja inayocheka.

"Mia moja na themanini."

Minong'ono ikapita kwenye nyasi kama upepo. Omwenga alipiga mluzi mdogo. Nyangi akasema kitu.

"Anauliza zinakwenda wapi," Mellen akasema, "maana hazionekani mwilini mwako."

"Thelathini ni za chumba Homa Bay. Sabini natuma nyumbani, ndugu yangu yuko shule. Arobaini chakula na taa. Nauli kumi na tano. Zinazobaki nalipa viatu hivi. Nilivikopa. Na vinanibana."

"Basi vivue," alisema Nyangi, kwa Kiswahili safi kabisa.

Filister akavivua. Akaviweka kando, akanyoosha vidole kwenye nyasi, na kwa mara ya kwanza tangu afike Gesaria alikaa bila kukunja uso. Mellen alikuwa amefika ukurasa wa mwisho. Alisoma swali la thelathini na moja kwa sauti, kwanza kwa Kiswahili kisha kwa Kikuria, akasubiri.

Filister alikuwa ameliuliza swali lile mara arobaini na zaidi bila kufikiri kwamba lina jibu. Sasa lilimkaa kifuani.

"Ni bora," akasema. "Mwaka jana nilikuwa napara samaki na kungoja barua. Sasa baba anapopita sokoni watu wanamwambia, tumesikia binti yako. Lakini naogopa mwezi wa tano. Mwaka jana sikuwa na kitu, kwa hiyo sikuwa na cha kuogopa. Sasa nina miezi mitatu, na kila asubuhi naihesabu. Kwa hiyo sijui. Ni bora, na ni mbaya."

"Hakuna kisanduku cha namna hiyo," Mellen alisema, akigeuzageuza karatasi.

"Andika pembeni," alisema Nyangi. "Karatasi ina pembe nne."

Mellen akaandika pembeni. Kisha Mzee Maroa akakohoa, akatazama mkono wake, akatazama mlima.

"Ng'ombe wangu ni kumi na saba," akasema.

"Majuzi walikuwa arobaini na watatu, Mzee," alisema Filister.

"Majuzi walikuwa na wageni."

Kicheko kilichotoka hapo kilimfanya Nyangi ajishike mbavu, na baada ya hapo kazi ikawa haina mlango wa kuifunga. Watu hawakungoja kutembelewa majumbani. Walikuja wenyewe mmoja mmoja kukaa mbele ya Filister, wengine wakisahihishana kutoka pembeni. Huyu ana mabati manane, si sita, msaidie kukumbuka. Yule redio si yake, ni ya shemeji wa Maroa, na betri zimekwisha kwa kutembezwa. Filister alijaza visanduku, na visanduku vilipokosa nafasi aliandika pembeni.

Omwenga alingoja hadi watu wapungue. Alikaa na koti lake la mifuko minne, akajibu vizuri hadi swali la ajira.

"Nilikuwa mgodini," akasema kwa sauti ya chini. "Miaka kumi na moja. Walituambia mgodi unafungwa, tukalipwa, tukaondoka. Nyumbani nilisema nimepewa likizo."

"Lini?"

"Mwezi wa kumi."

"Likizo ya miezi mitano, Mzee Omwenga?"

"Ndiyo maana naona aibu kuirefusha."

Mkewe, aliyekuwa akipita na mtungi wa maji, hakusimama hata. "Mwandike hana kazi," akamwambia Filister. "Nilijua tangu siku alipokuja na koti lile. Mtu wa likizo haji na koti la kazi limefuliwa." Kisha akaongeza, akimtazama mumewe, "Nilikuwa namngoja aseme, nimwonyeshe shamba la chini linahitaji mtu." Walipofika swali la mwisho Omwenga alisema hali ni mbaya zaidi, lakini leo mchana imepungua kidogo, na Filister akaandika hivyo hivyo, neno kwa neno.

Mellen alikuwa wa mwisho. Mzee Maroa alikuwa amekaa karibu, ameridhika, akimsikiliza mkewe akijibu. Walipofika swali la ishirini na mbili, linalouliza mke wa nyumba hupata pesa kiasi gani kwa mwezi kutokana na biashara yake, Mellen akamgeukia mumewe.

"Baba watoto," akasema kwa upole, "nadhani mbuzi wameingia kwenye mahindi."

Maroa alienda kuangalia mbuzi. Mellen akainama, akamnong'oneza Filister hesabu ya karanga anazouza Kehancha, ya mayai, na ya vikapu anavyopelekewa na wanawake wa Ntimaru akawauzia watu wa basi. Filister aliandika, akajumlisha, akajumlisha tena. Kwa mwezi mzuri Mellen alimpita mumewe, na alimpita karani wa serikali kwa shilingi kumi na mbili.

"Anajua?" Filister aliuliza.

"Anajua niko na senti ya chumvi. Fomu hii inakwenda wapi?"

"Homa Bay. Huko jina linafutwa, inabaki namba tu."

"Basi vizuri," alisema Mellen. "Inanifurahisha kuona imeandikwa mahali."

Maroa alirudi akisema hakuona mbuzi hata mmoja.

Bwana Osoro aliposhika zile fomu alilalamika kwanza kuhusu pembe. Pembe za karatasi si mahali pa kuandika, alisema, na jedwali la serikali halina safu ya mtu ambaye hali yake ni mbaya lakini imepungua leo mchana. Filister alisimama mbele ya meza akimsikiliza. Kisha Bwana Osoro akaanza kusoma zile pembe. Akasoma hadi wakati wa chakula ukapita. Mara alicheka peke yake, mara alitazama ziwa dirishani. Alipofika fomu ya chini kabisa, yenye mwandiko mwingine, aliisoma mara mbili. Filister alikuwa ameisahau humo ndani.

"Hii ni ya nani?" Bwana Osoro akauliza, ingawa jina lilikuwa juu.

"Yangu, bwana. Walinihoji."

"Nilikuambia karani ni sikio."

"Ndiyo, bwana."

Akaigonga ile karatasi kwa kidole. "Viatu ni mimi niliyekuambia ununue," akasema hatimaye, kwa sauti ya mtu aliyekuwa hajafanya hesabu hiyo kabla. Hakuomba radhi, haikuwa kawaida yake. Lakini alikwenda ofisi ya jirani kuzungumza na mtu kwa simu, na aliporudi alisema kuna nyumba sitini upande wa Ntimaru ambazo hakuna aliyeziweza, na kwamba zikifanywa vizuri kazi itafika mwezi wa nane. Baada ya hapo hawezi kuahidi.

"Sitini ni nyingi kwa mtu mmoja," alisema Filister.

"Unamtaka nani?"

"Yule aliyeandika fomu hiyo. Amesoma darasa la nne, anajua Kikuria na Kiswahili, na anajulikana na wanawake wa Ntimaru wote."

Bwana Osoro akautazama tena mwandiko wa Mellen, ulionyooka kuliko wa makarani wake wawili, akaandika barua ya kumwajiri, akasaini.

Barua ilipofika Gesaria, Mzee Maroa aliisoma kwa taabu, akaisoma tena, akauliza ni nani atakayekamua ng'ombe mkewe akiwa kazini. Nyangi, bila kungoja atafsiriwe, alisema kwamba mtu anayeweza kuhesabu ng'ombe kumi na saba kuwa arobaini na watatu hawezi kushindwa na kukamua. Maroa akakamua. Wiki ya kwanza alimwaga maziwa nusu, ya pili robo.

Siku ya kwanza Ntimaru, Filister na Mellen walifika asubuhi na mapema, Filister akiwa na akala zake miguuni. Mbele ya nyumba ya kwanza walikuta viti viwili vimewekwa na wanawake saba wamekaa wakiwangoja. Habari ilikuwa imewatangulia. Mwenye nyumba, mama mnene mwenye kitambaa cha kijani kichwani, hakungoja salamu ziishe.

"Tumesikia kwamba karani anaulizwa kwanza," akasema. Akamgeukia Mellen, ambaye alimjua kwa biashara ya vikapu. "Sasa tuambie. Mume wako anajua unapata ngapi?"

Mellen alifungua fomu, akanoa penseli kwa wembe bila haraka, akaandika kwanza tarehe.

"Bado," akajibu. "Swali la pili?"

Siku hiyo waliandika nyumba nne tu, na walikaribishwa maziwa katika zote.